Waliokuja Kuuliza: Kutoka Mlimani hadi Igwachanya

Igwachanya ni mji mdogo uliopewa heshima kubwa mwaka 2012. Mwaka huo Mkoa wa Njombe ulimegwa kutoka Iringa, Wilaya ya Wanging'ombe ikazaliwa kutoka Wilaya ya Njombe, na makao yake makuu yakawekwa hapa. Sensa ya mwaka huohuo ilihesabu watu 161,816 katika wilaya nzima. Upande mmoja wa wilaya kuna milima ya Kipengere, baridi, ukungu na viazi mviringo. Upande wa pili kuna tambarare inayoshuka kuelekea Usangu, ambako kiangazi kikikaza mtu huona vumbi kabla hajaona nyumba.

Mji huu hauna chuo kikuu. Hata hivyo, mtu akitaka kuandika historia ya taasisi moja ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, iliyo Mlimani zaidi ya kilomita 600 kutoka hapa, asipofika katika vijiji hivi ataandika nusu ya habari. Taasisi hiyo leo inaitwa IRA, Taasisi ya Tathmini ya Rasilimali. Wazee waliofanya kazi na watafiti wake enzi za Mwalimu wanaijua kwa jina la kwanza, BRALUP. Mwaka 2027 inatimiza miaka 60, na umri huo unatosha kuuliza ilichokifanya, ilichojifunza, na deni inalodaiwa.

Ilianzishwa mwaka 1967, mwaka wa Azimio la Arusha. Mlimani wakati huo ilikuwa bado sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki. Chuo cha Dar es Salaam kilikuwa kimefunguliwa Oktoba 1961 katika jengo la Mtaa wa Lumumba, kikahamia kilimani mwaka 1964, na kingekuja kusimama peke yake tarehe 1 Julai 1970. Chuo kilikuwa kichanga, lakini kilikwisha kuwa na vyombo vya utafiti: Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya mwaka 1964, kisha ofisi ya utafiti wa uchumi ya mwaka 1965. BRALUP ilitoka ubavuni mwa Idara ya Jiografia, na mkuu wake wa kwanza alikuwa mwanajiografia Leonard Berry. Kazi iliyopewa ilikuwa ndefu kama jina lake: kutathmini rasilimali za nchi na kusaidia mipango ya matumizi ya ardhi.

Haja ilikuwa ya kweli. Serikali ya nchi huru ilitaka kupanga, lakini mipango inataka kujua mvua inanyesha wapi, udongo gani unafaa zao gani, watu wamejaa wapi na wapi ni pori. Mkoloni aliacha takwimu alizozihitaji yeye: pamba, katani, kahawa, kodi. Mengine yalibaki vichwani mwa wakulima wenyewe. Hivyo swali la kwanza la BRALUP lilikuwa jepesi kulitamka na gumu kulijibu: hapa kuna nini?

Majibu ya awali yalikuja kama ramani. Mwaka 1971 ilichapishwa Tanzania in Maps, atlasi iliyohaririwa na Berry, iliyokusanya mvua, udongo, mazao, barabara na watu wa nchi nzima ndani ya jalada moja. Wakati huohuo kikundi kingine, kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Uppsala cha Uswidi, kilikuwa kinapima mmomonyoko wa udongo. Anders Rapp, Berry na Paul Temple waliongoza kazi hiyo kuanzia 1968 hadi 1972. Walipima tope lililojaa katika mabwawa ya Dodoma na maporomoko ya ardhi katika milima ya Mgeta, Morogoro. Walichokikuta kilimhusu kila mpanga bajeti: mabwawa yaliyojengwa kwa gharama kubwa yalikuwa yanajaa udongo kwa kasi ambayo mjenzi hakuifikiria. Bwawa lilikuwa linakufa kutokea juu, kwenye mashamba na machungani.

Hapo kuna fundisho ambalo taasisi ililielewa taratibu. Kipimo cha tope kinakuambia udongo umehama kiasi gani. Hakikuambii kwa nini mkulima analima mlimani, wala atakula nini ukimkataza. Kule Kondoa, serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma mwaka 1973, na mwaka 1979 mifugo ikaamriwa kuondoka katika eneo lote lililomomonyoka. Majani yalirudi, makorongo yakaanza kupona, na wageni wakaja kupiga picha. Wafugaji nao walibaki na simulizi yao, ambayo haionekani katika picha ya majani. Ilibidi ifike miaka ya 1990 ndipo watafiti wa IRA, wakishirikiana na wenzao wa Stockholm, wakarudi katika vilima vya Irangi, hukohuko Kondoa, kuchunguza uhusiano wa watu na ardhi yao. Mmoja wao alikuwa Claude Mung'ong'o, mwanasosholojia, ambaye wasomaji wa riwaya walikwisha kumjua kwa Mirathi ya Hatari na Njozi Iliyopotea. Labda si ajabu kwamba mtu aliyeandika juu ya ndoto za ujamaa ndiye aliyekwenda kuuliza wanakijiji wanaikumbukaje ardhi yao.

Lakini swali la watu halikungoja miaka ya 1990. Lilibisha hodi mapema, nalo lililetwa na wanawake.

Kuanzia 1972 hadi 1975 Marja-Liisa Swantz, mtafiti kutoka Ufini aliyekuwa ameishi Tanzania miaka mingi, alifanya kazi BRALUP. Akiwa na wenzake alikwenda Moshi vijijini kuchunguza jambo lililowatatiza wengi: Kilimanjaro ni mkoa wenye kahawa, shule na hospitali, kwa nini basi watoto wake wanapata utapiamlo? Ripoti ya mwaka 1975 ilionyesha kwamba jibu halimo ghalani peke yake. Limo katika ukubwa wa shamba la kihamba, katika saa anazofanya kazi mama, katika nani anashika fedha ya kahawa, na katika hali ya ndoa yenyewe. Chakula kinaweza kuwapo nyumbani na mtoto akadhoofu, kwa sababu anayempikia hana nafasi wala sauti.

Katika kazi za namna hiyo Swantz alijenga msimamo kwamba anayetafitiwa si gunia la majibu. Ana maarifa, na utafiti unaomwacha kama ulivyomkuta umemwibia muda wake. Kutoka hapo alikwenda Bagamoyo, kwenye mradi wa Jipemoyo wa mwaka 1975 hadi 1979, ulioendeshwa na Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana pamoja na Akademia ya Ufini. Dar es Salaam ya miaka hiyo ilikuwa moja ya mahali ambapo utafiti shirikishi ulipata jina na sura yake duniani. Budd Hall, aliyekuwa Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, aliupeleka msamiati huo hadi Kanada. Leo mashirika ya kimataifa hutufundisha ushirikishwaji katika semina, na wachache ukumbini ndio wanaokumbuka kwamba sehemu ya somo hilo ilitoka huku kwetu.

Rufiji nayo ilitoa somo lake. Wakati Korongo la Stiegler lilipokuwa linapimwa kwa ajili ya bwawa la umeme, BRALUP ilitoa mwaka 1974 ripoti ya Audun Sandberg kuhusu uchumi na maisha ya bonde la chini la mto. Mafuriko ambayo ofisini yaliitwa balaa, Warufiji waliyaita kwa faida yake: maji yakishuka huacha tope lenye rutuba, na hapo hupandwa mazao ya mlau. Mwaka mbaya wa mafuriko huharibu, miaka mingine mafuriko hulisha. Bwawa hilo, ambalo leo linaitwa kwa jina la Julius Nyerere, limejengwa baada ya nusu karne, na swali la nini kinatokea chini ya bwawa mto ukidhibitiwa bado ni lile aliloliandikia Sandberg.

Sasa twende kwenye maji ya kunywa, maana ndiyo yaliyoileta taasisi katika nchi ya Wabena, huku Njombe.

Maji yalikuwamo katika damu ya BRALUP tangu mwanzo. Kati ya 1966 na 1968, taasisi ilipokuwa inazaliwa, Gilbert White, David Bradley na Anne White walizunguka maeneo 34 ya Kenya, Uganda na Tanzania wakiuliza maswali ambayo wahandisi walikuwa hawajayapa uzito: nani anateka, anatembea umbali gani, anabeba kiasi gani, na kwa nini anachagua kisima hiki badala ya kile. Kitabu chao, Drawers of Water, kilitoka mwaka 1972 na kikawa msingi wa fani nzima. Aprili 1971 Dar es Salaam ilikuwa mwenyeji wa mkutano kuhusu maji vijijini Afrika Mashariki, na makala zake zilichapishwa na BRALUP chini ya uhariri wa Gerhard Tschannerl. Mwaka huo serikali ilitangaza ahadi iliyokuja kukaririwa na kila diwani: ifikapo 1991, kila mwananchi wa kijijini apate maji safi ndani ya mita 400 kutoka nyumbani.

Kutimiza ahadi hiyo nchi iligawanywa kwa wafadhili. Ufini ilichukua Mtwara na Lindi, Uswidi mikoa ya Ziwa, Norwei Rukwa na Kigoma, Uholanzi Shinyanga. Denmark ilipewa Iringa, Ruvuma na Mbeya. Njombe, Makambako na Wanging'ombe zote wakati huo zilikuwa Iringa. Kampuni za wahandisi wa Denmark zilianza mwaka 1980 kuandaa mpango mkuu wa maji wa mikoa hiyo mitatu. Kwa upande wa jamii kazi ilipewa taasisi ya Mlimani pamoja na kituo cha utafiti wa maendeleo cha Copenhagen.

Ndipo madodoso yakashuka vijijini. Watafiti waliuliza yale yasiyoonekana katika mchoro wa bomba: chanzo hiki kina mwenyewe, kimila au kwa mazoea? Maji ya bomba yakifika, watu wataacha kisima cha zamani au watakirudia kwa kufulia? Nani ataketi katika kamati ya maji, na je, mwanamke anayebeba ndoo atakuwamo? Bomba likipasuka nani atalifunga, na kwa spana ya nani? Majibu yalijaza juzuu zima la mpango uliokamilika mwanzoni mwa miaka ya 1980, na msimamo wake ulikuwa wazi: kijiji kishirikishwe kabla mtaro haujachimbwa, kiwe na kamati yake, na wanakijiji wenyewe wafundishwe kutunza mradi.

Eneo la Wanging'ombe lilikuwa mahali pazuri pa kupima maneno hayo. Mradi wake wa maji ya mserereko, ulioshikwa mkono na UNICEF, ulichukua maji ya Kipengere na kuyashusha kwa mabomba hadi vijiji vya tambarare. Mserereko ni neno tamu kwa mhandisi: hakuna pampu, hakuna dizeli, mlima unafanya kazi bure. Lakini mserereko una siasa zake. Kijiji cha juu kikifungua koki bila kujali, cha chini kinabaki na upepo kwenye bomba. Wenye vinyungu mabondeni wanataka maji yaleyale yamwagilie mboga na mahindi mabichi. Na bomba la kilomita nyingi linapita katika mashamba ya watu ambao wenyewe hawateki humo. Mradi wa aina hii haufi kwa sababu mlima umechoka. Unakufa watu wa juu na wa chini wanapoacha kusemezana.

Ndiyo maana sauti za watafiti wa jamii zilikuwa na thamani, hata pale zilipopuuzwa. Mwaka 1988 Ole Therkildsen wa Copenhagen alitoa kitabu kilichochambua mipango ya wafadhili wa maji nchini Tanzania. Alionyesha jinsi wafadhili walivyopanga na kujenga kwa kasi yao wenyewe, wakiipita serikali na vijiji, kisha wakashangaa mabomba yalipokauka. Mwaka 1991, mwaka wa ahadi, ulifika na kupita. Sera ya maji ya mwaka huo, kisha ile ya 2002, zilianza kukiri kwamba mwananchi lazima awe mwenye mradi na mchangiaji. Sheria ya mwaka 2019 ilizaa RUWASA, wakala wa maji vijijini, na kuvipa nguvu vyombo vya jamii vya kutoa huduma ya maji. Ukizisoma sera hizo huku umeweka pembeni juzuu la mwanzoni mwa miaka ya 1980, utaona jinsi serikali ilivyochukua muda mrefu kufika mahali ambapo dodoso lilikwisha kufika.

Mwaka 1983, wakati mpango wa maji ukianza kutekelezwa, BRALUP ilipandishwa hadhi kuwa taasisi kamili, ikaitwa IRA. Jina jipya lilikuta nchi katika hali ngumu. Vita vya Kagera vilikuwa vimekausha hazina, sabuni na sukari zilikuwa za kupanga foleni, na bajeti ya utafiti ilikuwa ya kwanza kukatwa. Mtafiti aliyekuwa na gari hakuwa na petroli. Aliyekuwa na petroli hakuwa na karatasi za madodoso.

Hapo ndipo zilipoanza zama za ushauri elekezi. Shirika linaleta fedha, na fedha inakuja na hadidu za rejea: swali limeandikwa tayari, muda umepangwa, na ripoti ni mali ya aliyelipa. Taasisi haikuwa peke yake katika hili, chuo kizima kiliishi hivyo. Si haki kuwalaumu watu waliokuwa wanalisha familia. Lakini historia ya kumbukumbu inayoficha jambo hili itakuwa ni tangazo. Kwa miaka mingi swali lilitoka kwa mfadhili, jibu likarudi kwa mfadhili, na kijiji kikabaki na kumbukumbu ya wageni waliokuja na gari jeupe, wakauliza, wakaaga.

Pamoja na hayo kazi nzuri iliendelea. Idris Kikula, katika kitabu chake cha 1997, aliitazama Operesheni Vijiji kwa jicho la mazingira. Alionyesha namna kuwakusanya watu pamoja kulivyoelemea ardhi na kuni za karibu. Baadaye akawa Makamu Mkuu wa kwanza wa Chuo Kikuu cha Dodoma. Raphael Mwalyosi alichunguza jinsi tathmini ya athari kwa mazingira inavyofanyika nchini, miaka kadhaa kabla ya Sheria ya Mazingira ya 2004, kisha akaenda bungeni kuwakilisha Ludewa, jirani zetu wa mkoa huuhuu, kuanzia 2005 hadi 2010. Pius Yanda aliipeleka taasisi katika uchunguzi wa mabadiliko ya tabianchi na akawa miongoni mwa wanasayansi wa jopo la kimataifa lililotunukiwa Nobeli ya Amani mwaka 2007.

Na kuhusu maji, Mark Mujwahuzi alishiriki kurudia safari ya akina White. Mwishoni mwa miaka ya 1990 kikundi cha watafiti kilirejea katika maeneo yaleyale ya Afrika Mashariki, kikahoji kaya zaidi ya 1,000. Matokeo yaliwashtua wengi. Kwa miaka 30, matumizi ya maji kwa kila mtu katika nyumba zenye bomba yalikuwa yameshuka karibu nusu. Bomba lilikuwapo, maji hayakuwa na uhakika. Kwa wale wasio na bomba matumizi yalikuwa yamepanda karibu mara mbili, ingawa bado yalibaki chini. Utafiti huo usingewezekana kama mtu hangeandika vizuri mwaka 1967 na mwingine hangetunza maandishi hayo. Taasisi inapodumu miaka 60, hiyo ndiyo faida yake kubwa: inaweza kurudi mlangoni palepale na kuuliza, je, hali ikoje sasa?

Hapa Njombe swali la kurudia lipo, tena linauma. Kati ya 1983 na 1988 Iringa ilikuwa na mpango wa lishe uliosaidiwa na UNICEF na Shirika la Afya Duniani kwa fedha za Italia. Katika vijiji 168 watoto walipimwa uzito hadharani, na wanakijiji wenyewe wakajadili kwa nini huyu amepungua. Utapiamlo mkali ulishuka kutoka asilimia 6.3 hadi 1.8. Haikuwa kazi ya IRA, lakini lilikuwa swali lilelile la Moshi la mwaka 1975, safari hii likiulizwa na kijiji chenyewe, na mawazo yaliyokomaa katika mpango huo yaliingia katika mkakati wa lishe wa UNICEF wa mwaka 1990. Leo mkoa wa Njombe unalisha miji kwa mahindi, viazi na maparachichi. Hata hivyo, mwaka 2018 asilimia 53.6 ya watoto wake wa chini ya miaka mitano walikuwa wamedumaa, na mwaka 2022 ilikuwa asilimia 50.4. Ghala limejaa na mtoto amedumaa. Anayedhani kazi ya utafiti wa jamii imekwisha na aje Igwachanya msimu wa mavuno.

Basi tuitakie heri taasisi hii, na tuikumbushe deni lake. Ripoti zake karibu zote zimeandikwa kwa Kiingereza, na nyingi zimelala katika maktaba za Mlimani na za Ulaya. Mjumbe wa kamati ya maji wa Wanging'ombe, ambaye kijiji chake kilihojiwa zaidi ya miaka 40 iliyopita, hajui kilichoandikwa juu ya bibi yake na kisima chake. Katika chuo kilekile kilichozaa wanazuoni wa Kiswahili, kutafsiri kurasa chache za muhtasari si kazi ya kushindikana.

Zawadi ya miaka 60 isiwe keki wala fulana. Juzuu lile la mpango wa maji lifupishwe kwa Kiswahili, nakala zake ziletwe katika ofisi ya halmashauri Igwachanya na kwa watendaji wa vijiji, na siku moja mtafiti asimame katika mkutano mkuu wa kijiji aseme: tulikuja kuwauliza, haya ndiyo mliyotuambia. Kisha akae chini, safari hii aulizwe yeye.